Kompyuta Tatu na Draivu Moja

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo hata nikisahau nimeweka miwani wapi, hiyo siisahau. Ilikuwa Kajiado mjini, mchana wa jua la kupasua kichwa, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa. Mzee mmoja alisimama mlangoni na fimbo yake akatukemea. Hakutukemea juu ya kompyuta, maana kompyuta alikuwa hazijui na hakuwa na haja ya kuzijua. Alitukemea juu ya kisima. Na yale maneno yake machache ya kisima ndiyo yaliyookoa kompyuta zetu tatu, na mimi pamoja nazo.

Tulia nikueleze, lakini nitaanza mbali kidogo. Wajukuu wangu husema nikiulizwa njia ya kwenda sokoni naanza na siku niliyozaliwa. Ni kweli. Nivumilie, sina haraka ya kwenda popote, na goti langu la kushoto pia halina.

Mimi ni Mkamba wa kuzaliwa, lakini nimekulia Bisil, kwa Wamaasai. Baba alikuwa fundi wa mawe. Alikuja kujenga maduka pale kando ya barabara ya Namanga, akaipenda nyama ya mbuzi ya pale, akasahau kurudi. Kwa hivyo mimi nilijua kuitikia "Iko" nikisalimiwa "Takwenya" kabla sijajua kuandika jina langu Mbithe. Shule nilifika darasa la nne. Mama aliugua, msichana mkubwa ni mimi, nikaacha kalamu nikashika ndoo. Silalamiki. Ndoo nayo ilinifundisha, utaona.

Kisima cha Bisil siku zile za kiangazi hakikuwa bomba la kufungua. Mto ukikauka, watu walichimba mchanga wa mto wenyewe, wakaenda chini mpaka wakayapata maji. Shimo lilikuwa refu. Mtu mmoja anasimama chini kabisa majini, mwingine juu yake kwenye ngazi ya udongo, mwingine juu ya huyo, na ndoo inapanda mkono kwa mkono mpaka kwa yule wa juu anayemwaga kwenye hori, ng'ombe wanywe. Kila nyumba ina zamu yake. Na iko sheria moja ambayo hata mtoto aliijua: ng'ombe wenu wakishakunywa, wewe hutoki shimoni. Unabaki pale pale ulipo, unapitisha ndoo za wengine mpaka wa mwisho anywe. Maana ukitoka wewe wa katikati, wa chini amebeba ndoo iliyojaa na hana wa kumpa, na wa juu amenyoosha mikono kwenye hewa. Wewe umekunywa, lakini umekata maji ya watu wote.

Hapo pawekee alama, tutaparudia.

Nilipokuwa msichana wa kutosha kuolewa na bado sijapata wa kunioa, nilikwenda kukaa na shangazi yangu Kalekye pale Kajiado mjini. Shangazi alikuwa mpishi wa kanisa. Mwanamke mnene, mkali, mwenye chapati laini kuliko maneno yake. Na pale kanisani ndipo nilipomkuta Mwalimu Barasa, mtu wa magharibi, mrefu, mpole, aliyefundisha hesabu shule ya sekondari siku za wiki. Jumamosi alifundisha kompyuta katika chumba cha nyuma, bure, kwa yeyote aliyeachwa na shule.

Hizo kompyuta usifikirie hizi zako za kufunga kama kitabu. Zilikuwa kompyuta za nyumbani za zamani. Watoto wa ng'ambo walizichezea wakachoka nazo, shule moja ya huko ikazikusanya, zikatumwa kwa kanisa zikiwa tayari zimezeeka. Kompyuta yenyewe ilikuwa kibodi tu, nene, rangi ya mkate ulioungua kidogo. Unaichomeka kwa televisheni ndipo uone unachoandika. Na ndani yake hakuna mahali pa kuweka kitu. Ukizima, kila ulichoandika kinakwenda kama hakijawahi kuwa. Kuweka kazi yako ikae, ilibidi uwe na draivu. Hiyo ni kisanduku kizito chenye mdomo mwembamba mbele. Unakilisha diski, lile bamba laini la mraba lenye upana wa kiganja, unakifunga mdomo, kinanguruma kama paka aliyeshiba, taa yake nyekundu inawaka, na kazi yako inaingia kwenye diski kukaa.

Kompyuta zilikuja tatu. Draivu ilikuja moja. Kitabu cha maelezo hakikuja kabisa.

Mwalimu Barasa hakushtuka. Aliunga waya mwenyewe, mrefu, wenye matawi matatu, kila kompyuta ikashikwa na tawi lake, na shina likaingia kwa draivu. Akatuambia draivu ni moja na masikio yake ni mamoja, haiwezi kusikia watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo mtu akitaka kuitumia, apaze sauti wenzake wajue. Sisi tulikuwa watoto wa visima, tukachagua neno letu wenyewe. Ukianza unasema "Nateka." Ukimaliza unasema "Nimeteka." Mwalimu alilipenda hilo neno kuliko la Kizungu alilokuwa nalo.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa naandika maneno ya wimbo wa kwaya yetu, kwa herufi kubwa, ili kwaya iweze kuimba ikiangalia televisheni. Wa pili alikuwa Nasieku, rafiki yangu wa Bisil aliyekuja mjini kwa lori la mifugo, tuliyesimama naye kisimani tangu tukiwa wadogo. Yeye hata darasa la nne hakufika. Kibodi za zile kompyuta zilikuwa na vitufe vya vijisanduku vya rangi, na Nasieku aliviona siku ya kwanza akacheka, akaanza kupanga picha ya shanga kwenye kioo cha televisheni, mstari kwa mstari, kama anayetengeneza mkufu wa bibi harusi. Wa tatu alikuwa Okello, mtoto wa karani wa serikali, kijana aliyemaliza shule na hajui afanye nini na miguu yake mirefu. Huyo alikuwa anatengeneza mchezo wa mbuzi anayevuka barabara ya Namanga kati ya malori.

Sasa sikia lililokuwa mbele yetu. Kile chumba, kabla ya kompyuta, kilikuwa stoo ya mahindi na saruji, na kamati ya kanisa ilikitaka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Parsimei, baba mdogo wa Nasieku. Hakuwa mtu mbaya. Ukimwinamishia kichwa kumwamkia alikigusa kwa upole kama anayepima tikiti. Lakini alikuwa ameona vitu vingi vya wageni vikija na kufa, na saruji ilikuwa inanyeshewa nje. Kamati ikasema: siku ya wageni, kila kompyuta itoe kazi ya mwenyewe mbele ya watu. Zikitoa, chumba ni chenu. Zisipotoa, kompyuta zitapelekwa shule fulani ya Nairobi iliyoziomba, na saruji itarudi ndani.

Tukishindwa, Okello angekwenda Nairobi kwa mjomba wake. Nasieku alikuwa na ng'ombe wa baba yake. Mimi, mwanangu, nisikudanganye, sikuwa na kingine. Mlango wa shule ulishanifungia. Kile chumba kinachonuka saruji ndicho kilikuwa mlango wangu wa pili, na sikuona wa tatu popote.

Na draivu ikaanza kutufia.

Haikufa moja kwa moja. Leo inafanya kazi, kesho katikati ya kazi ule mngurumo unakatika, taa inabaki imekodoa, na ukija kuangalia diski unakuta kazi yako nusu, au hakuna. Na haikumfia kila mtu sawa. Nasieku alikuwa wa kwanza kuteka kila mara, na shanga zake zilikaa salama salimini. Mimi nilimfuata, na wimbo wangu uliharibika mara kwa mara mpaka nikaanza kuuchukia ubeti wa pili. Okello wakati mwingine alipona, wakati mwingine alilia.

"Hiyo kitu inakujua, Mbithe," Okello aliniambia. "Inasikia harufu ya darasa la nne."

"Na mbuzi wako amegongwa mara ngapi, wewe wa sekondari?" Nasieku akamjibu kwa niaba yangu.

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kinaisha. Mwalimu alifungua draivu akapuliza vumbi. Akabadilisha waya. Akaomba. Watu wa kwaya walisema ni vumbi la Kajiado, wengine wakasema ni umeme, na mama mmoja akasema chumba kina neno lake. Mimi, nitakuambia ukweli, nilianza kumtazama Nasieku vibaya. Kwa nini yeye hapotezi? Tumekula ugali wa sufuria moja tangu utoto, na nilikuwa naanza kuuliza moyoni ana dawa gani.

Ndipo ikafika ile siku. Siku ya wageni ilikuwa wiki iliyofuata, shule zilikuwa zimefungwa, na Mwalimu alitufungulia chumba kila siku. Mzee Parsimei alipita kuona tumefika wapi, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu asiyetaka kuahidi kitu.

"Nateka," Nasieku akasema. Draivu ikanguruma, ikanyamaza. "Nimeteka."

"Nateka," nikasema mimi. Ikanguruma. Nasieku akainuka, akajifunga shuka lake vizuri, akashika njia. Na nikiwa nimekodolea ile taa nyekundu, mngurumo ukakatika. Wimbo wote haukuingia kwenye diski. Nikaweka uso kwenye kibodi, kioo kikajaa herufi za paji langu la uso. Okello alianza kucheka akaona machozi yangu, akaacha.

Mzee Parsimei hakuniangalia mimi. Fimbo yake ilikuwa imeziba mlango mbele ya Nasieku.

"Unaenda wapi?"

"Nimemaliza, papa," akajibu, akimwita baba kwa Kimaasai.

"Wenzako wamemaliza?"

"Bado."

"Kwa hivyo wewe umekunywa, umepanda juu, na wenzako wako shimoni na ndoo mkononi. Nani amekufundisha hiyo? Si mama yako. Mama yako namjua."

Nasieku aliona haya mpaka sauti ikawa ndogo. "Papa, sikutoka vibaya. Hata nimezima. Nimezima ili nisimalizie kanisa stima."

"Stima siijui," mzee akasema. "Mimi naongea juu ya kupanda juu. Mtu akishakunywa anakaa mahali pake. Rudi ukae."

Lazima nikueleze hapo, kwa sababu wewe umezaliwa na swichi ukutani. Sisi tulilelewa na koroboi. Mafuta ya taa yalipimwa kwa jicho la mama. Ukimaliza kazi, unazima, na mtoto aliyeacha koroboi ikiwaka bure alijua atakachopata. Kwa hivyo pale kanisani, mtu akishateka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima kompyuta yake. Hakuna aliyetuambia. Ilikuwa adabu. Nasieku ndiye alikuwa na adabu kuliko sisi wote, lakini sote tulifanya hivyo, na Mwalimu alikuwa ametusifu kwa hilo.

Mwalimu Barasa alikuwa ameinama nyuma ya meza, kichwa kwenye matumbo ya ile draivu. Niliona kichwa kikipanda polepole.

"Nasieku," akasema. "Umezima saa ngapi?"

"Saa hii tu, Mwalimu. Mbithe akiwa anaanza."

"Rudi. Washa."

Akaweka diski moja kuukuu ambayo ikiharibika haingeleta huzuni. Akaniambia niteke. Draivu ikanguruma vizuri. Akahesabu pumzi chache, akasema, "Nasieku, zima." Nasieku akazima, na mngurumo ukakatika kama umekabwa koo. Tukarudia, safari hii Okello ndiye mwenye kuzima. Ukakatika. Tukarudia bila mtu kuzima. Wimbo ukaingia wote, ubeti wa pili na vyote.

Mwalimu aliketi juu ya mfuko wa saruji uliobaki pale kona akacheka mpaka akafuta macho. "Jamani," akasema, "si draivu. Ni adabu zetu."

Akatuchorea kwa chaki. Ule waya ni mmoja. Kompyuta iliyowashwa inasimama kwenye waya inapitisha, hata kama yenyewe haina la kusema. Ukiizima mwenzako anapoteka, inalegea, inauvuta waya wote chini kwa ghafla, na draivu inasahau ilikuwa inamsikiliza nani. Tulimwangalia. Mimi na Nasieku tukaangaliana. Hakuna aliyehitaji chaki zaidi. Tulikuwa tumesimama kwenye huo waya tangu utoto, na miguu kwenye udongo.

Nasieku akaja akakaa kando yangu kwenye benchi. Akanisukuma kwa bega. Nami nikamsukuma. Ile dawa niliyokuwa nadhani anayo ikaishia hapo.

Mzee Parsimei alikuwa bado mlangoni. "Imepona?" akauliza.

"Imepona, mzee," Mwalimu akasema. "Umeiponya wewe."

"Mimi nimemkemea mtoto tu," akasema, akaenda zake kuangalia saruji yake.

Usidhani ilikuwa rahisi baada ya hapo. Jaribu wewe kukaa mbele ya kitu kinachokula stima bure, kazi yako umemaliza, na mama yako mzazi anakusemesha kichwani: zima, zima. Nasieku aliikalia mikono yake. Okello alisema anasikia stima ikimwagika sakafuni. Lakini tulizoea, na zile siku zilizobaki draivu haikutufia hata mara moja.

Siku ya wageni ikafika. Watu walijaa ule ukumbi, wakajaa na chumba cha nyuma, na wengine walichungulia dirishani. Kulikuwa na wakubwa wa kanisa kutoka Nairobi wenye viatu vinavyong'aa, na mama yake Nasieku kutoka Bisil amevaa shanga zake zote. Lori la mifugo lililomleta lilikuwa linangoja barabarani limrudishe. Na sasa angalia mambo ya Mungu. Ukutani, pale kwenye soketi na swichi zote, alikuwa amesimama Mzee Parsimei mwenyewe, fimbo imelazwa mbele kama kizuizi cha polisi. Hakuna aliyemwomba. Alikuja mapema akachukua nafasi.

Shangazi Kalekye aliingia na birika kubwa la stima. "Nipishe mzee, nichomeke. Nitoe hii moja tu, chai ichemke."

"Hakuna kutoa."

"Wageni wana kiu."

"Na hawa wako kisimani. Nenda na makaa, mama."

Shangazi alimwangalia kutoka juu mpaka chini. Katika maisha yangu hiyo ndiyo mara moja niliyomwona ameshindwa na mtu. Akarudi jikoni akawasha makaa, akisema maneno ambayo mpishi wa kanisa hapaswi kusema.

"Nateka," Nasieku akasema. Diski ikazunguka. Shanga zake zikaanza kushuka kwenye kioo mstari kwa mstari, nyekundu, kijani, nyeupe, buluu, mpaka mkufu ukatimia. Watu wakavuta pumzi. Mama yake akasogea karibu kabisa, pua kwenye televisheni.

"Hii kijani kando ya nyekundu," akasema, "umeona kwa nani?"

"Nimeitunga, yeyo."

Mama akaifuata ile kijani kwa kidole. "Nitaijaribu," akasema. Kwa mama yule, hiyo ilikuwa ni ngoma na nderemo.

Okello akateka. Mbuzi wake akatokea kando ya barabara, malori yakaja, na Okello akamvusha salama, watu wakapiga makofi kama mbuzi ni wao. Mkubwa mmoja wa viatu vinavyong'aa akaomba ajaribu. Mbuzi akagongwa papo hapo. Kina mama wa Bisil wakamwambia achinje haraka kabla nyama haijaharibika.

Ikabaki zamu yangu. Na hapo lori likaanza kupiga honi.

"Nasieku," mama yake akasema, "gari inatuacha. Wewe si umemaliza? Zima twende."

Mwanangu, nikageuka kumtazama Nasieku. Nasieku alikuwa amelelewa kumtii mama yake. Na akiinuka tu, mkono wenyewe ungekwenda kwenye swichi, maana mikono ina akili zake. Honi ikalia tena.

"Yeyo," Nasieku akasema bila kugeuka, "Mbithe bado hajakunywa."

Yule mama aliangalia kompyuta, akaangalia ule waya unaopita mezani, akamwangalia shemeji yake Parsimei na fimbo yake pale ukutani. Sijui alielewa nini. Lakini alikuwa mwanamke wa kisima. Akaketi chini, akakunja miguu, akasema lori liende au lisiende ni shauri lake.

"Nateka," nikasema.

Ilinguruma. Taa nyekundu. Iliendelea kunguruma, na wimbo wangu ukapanda, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, herufi kubwa nyeupe, kila neno mahali pake. Nilikuwa nimeandika mimi, wa darasa la nne. Kwaya ilikuwa imesimama nyuma yangu. Wakaangalia kioo, wakavuta pumzi pamoja, wakaimba. Waliimba mpaka mabati yakatetemeka, na nje dereva wa lori akaacha honi akaja kusikiliza, na shangazi Kalekye akatoka jikoni mikono imejaa unga akicheza.

"Nimeteka," nikasema, lakini hakuna aliyenisikia.

Kwaya ilipomaliza, Mzee Parsimei alitoka ukutani. Kama mwenyekiti ilimbidi aseme neno, na hakuwa mtu wa maneno marefu kama mimi. Alisema, "Saruji itatafuta mahali pengine." Akaja, nikamwinamishia kichwa, akaniwekea mkono.

Kile chumba kilikuwa chetu kwa miaka mingi. Mwalimu Barasa alipohamishwa kurudi kwao, funguo aliniachia mimi. Nilifundisha pale vijana wengi walioachwa na shule. Wengine leo ni watu wa tai, wakinikuta njiani wanasema "Nateka" na tunacheka katikati ya barabara. Okello ana karakana ya kutengeneza televisheni kule Kware, Rongai, na miguu yake bado haina mahali pa kukaa. Nasieku anauza shanga Bisil. Ule mchoro wa kijani kando ya nyekundu nimeuona umevaliwa na wanawake wasiomjua.

Nami niko hapa Kitengela, kwa upepo huu unaobeba kufuli. Zile kompyuta tatu nilizifunga kwa blanketi nikazificha chini ya kitanda chumba kilipopata mashine mpya. Mwaka huu mjukuu wangu Mwende akazitoa. Yeye na wenzake wa chuo wanapenda vitu vya zamani, wanaviita lulu. Draivu tuliyo nayo ni ile ile moja. Wakaunganisha vyote kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa, wakaita watu waje kuona, na asubuhi ya siku yenyewe nikasikia anapiga kelele, akiniita bibi kwa Kikamba.

"Susu, hii kitu imekataa. Imeshika, halafu imedie katikati."

"Nani amezima?" nikauliza kutoka kwenye kiti changu.

Wakatazamana. Kijana mmoja akainua mkono. "Ni mimi, Susu. Nilikuwa nimemaliza, nikaona ni-save token ya stima."

Nilicheka mpaka goti likapona. Nikawaeleza ulivyo waya, nikawapa neno letu, nao wakalichukua. Mchana Nasieku akafika kutoka Bisil, amezeeka kama mimi ila mgongo umenyooka kuliko wangu. Wakamkalisha mbele ya kompyuta yake ya zamani. Akapanga shanga zake pole pole, akateka, mkufu ukashuka kwenye kioo, na Kitengela nzima ikapiga picha kwa simu. Kisha akabaki ameketi. Saa ikapita. Mwende akamwinamia kwa heshima, akimwita bibi kwa Kimaasai.

"Koko, wewe umemaliza. Unaweza kupumzika, chai iko tayari."

Nasieku akaangalia meza ndefu, mpaka kule mwisho ambako msichana mdogo wa mwisho alikuwa bado anahangaika na diski yake.

"Huyo," akasema, "bado hajakunywa."

Akakaa. Nami nikakaa. Mpaka yule msichana akasema "Nimeteka", kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Athi River.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo, nikuwekee wazi usije ukasema bibi alizunguka. Siku moja utakuwa wa kwanza kumaliza. Utapata masomo kabla ya ndugu zako, au kazi kabla ya wenzako, au maji ya kisima chako mwenyewe huku Kitengela majirani wakingoja gari la maji. Na utasikia sauti nzuri kabisa, ya adabu kabisa, ikikuambia: wewe umemaliza, zima, nenda zako. Usizime. Hata kama huna la kusema wala la kufanya, kaa mahali pako kwenye waya. Wako watu ambao kazi yao inapita kwako, na wewe huwaoni. Na ukiona mwenzako anafaulu na wewe unaharibikiwa, usikimbilie kutafuta dawa aliyo nayo. Mwite akae karibu, mjaribu pamoja, mara nyingi kosa ni dogo na hakuna aliyelikusudia.

Basi inamisha kichwa. Mungu wa baba yangu fundi wa mawe, na wa Mzee Parsimei aliyelala sasa kule Bisil, akupe maji mengi na mikono ya kukupokea ndoo. Usikose mtu juu yako, usikose mtu chini yako. Utakachoandika kikae. Na siku utakapochoka, utazame mwisho wa meza ukute wote wamekunywa, ndipo uzime, ukalale vizuri.